Daraja la spani tatu juu ya mto: mihimili ya zege iliyotengenezwa kabla, au zege la kumwagwa palepale?

Mchoraji wa Madaraja aliuliza:

Ndugu wahandisi na mafundi, habari za kazi.

Naomba ushauri kuhusu uamuzi ambao timu yetu inatakiwa kuufanya kabla hatujaingia katika usanifu wa kina. Daraja ni la barabara ya njia mbili, lina spani tatu (sehemu za daraja kati ya nguzo na nguzo) za mita 30 kila moja, na nguzo zake mbili za kati zitasimama ndani ya mto ambao hujaa kwa ghafla na kuja na magogo. Mapendekezo yaliyo mezani ni mawili. La kwanza ni kusimamisha jukwaa la kushikilia fomu (vibao vya kumwagia zege) kutoka kwenye kitanda cha mto, kisha kumwaga mihimili na slabu (sakafu ya daraja) mahali pake. La pili ni kutengeneza mihimili ya umbo la I pembeni mwa mto au kiwandani, mitano kwa kila spani, kuipandisha juu ya nguzo kwa kreni, na kumwaga slabu juu yake.

Wakubwa wangu ofisini wanaegemea pendekezo la pili, na hoja yao kuu ni muda: mihimili inaweza kutengenezwa wakati misingi na nguzo bado zinajengwa, kwa hiyo kazi mbili zinakwenda sambamba badala ya moja kuisubiri nyingine. Hoja hiyo naielewa. Ninalojiuliza ni kama mihimili 15 tu inatosha kuhalalisha gharama ya kuanzisha uwanja wa kuitengenezea, na kama inatosha, je, nyaya za chuma zinazoubana mhimili zivutwe kabla ya kumwaga zege au baada ya zege kukomaa? Pia sijaamua kama mihimili iungwe juu ya nguzo za kati ili daraja lifanye kazi kama kitu kimoja, au kila spani iachwe ijitegemee. Zaidi ya hapo, ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu ni mambo gani huharibika katika madaraja ya aina hii ambayo mahesabu ya kawaida ya mezani hayayaonyeshi.

Natanguliza shukrani.

Msimamizi wa Kalibu alijibu:

Ndugu Mchoraji, kwa maelezo yako mto umekwisha kuamua nusu ya swali. Jukwaa la fomu linalosimama ndani ya maji yanayojaa ghafla na kubeba magogo ni hatari ambayo hakuna bima inayoifidia ipasavyo, kwa sababu gogo moja likigonga mguu wa jukwaa siku ambayo zege bado ni bichi, unapoteza spani nzima pamoja na watu walio juu yake. Kwa hiyo nitaanza pale mnapoamua kutengeneza mihimili nje ya mto.

Katika historia ya kazi hii kuna madaraja mawili yanayoonyesha njia mbili tofauti. Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyesajili mwaka 1928 hataza ya zege lenye mkazo wa awali, yaani linalobanwa kwa nyaya zilizovutwa, alikamilisha mwaka 1946 daraja la Luzancy juu ya mto Marne, lenye spani ya mita 55, kwa kuunganisha vipande vilivyotengenezwa kabla na kuvikaza pamoja kwa nyaya. Ni daraja moja, kazi ya mikono makini. Miaka kumi baadaye, Louisiana nchini Marekani, lilifunguliwa daraja la ziwa Pontchartrain lenye urefu wa kilomita 38 hivi na spani zaidi ya 2,000 zinazofanana, zilizozalishwa kwa mfululizo katika uwanja mmoja na kusafirishwa kwa majahazi. Huko uwanja ulijilipa kwa sababu kalibu (fomu za kumwagia mihimili) zilezile zilitumika tena na tena. Wewe una mihimili 15, kwa hiyo uko karibu zaidi na Luzancy kuliko Pontchartrain.

Piga hesabu hii. Waya mmoja wa kusokotwa wenye nyuzi saba, kipenyo cha milimita 15.2 na uimara wa megapaskali 1,860, ukivutwa hadi asilimia 75 ya nguvu yake hubeba karibu kilonewtoni 195. Mhimili wa mita 30 ukihitaji nyaya 30 za namna hiyo, basi kitanda cha kuvutia nyaya kabla ya kumwaga zege lazima kistahimili karibu kilonewtoni 5,850 katika ncha zake, yaani takribani uzito wa tani 600 ukivuta mlalo usiku kucha huku zege likikomaa. Nanga za kitanda hicho, zinazoshikilia ncha za nyaya, ni mradi ndani ya mradi. Kama kipo kiwanda chenye kitanda kama hicho, na barabara ya kutoka kiwandani inapitisha trela lenye mhimili wa mita 30 na uzito wa tani 40 hivi bila kukwama kwenye kona au kwenye madaraja madogo ya njiani, nunua kutoka kwao na usitafute mengine. Kama hakipo, mwaga mihimili kwenye ukingo wa mto, pitisha kebo (nyaya hizo zikiwa zimekusanywa pamoja) katika mabomba yaliyoachwa ndani ya zege, na uvute kwa jeki baada ya zege kufikia uimara ulioandikwa kwenye michoro. Hapo mhimili unajibana wenyewe, na uwanja haulazimiki kubeba nguvu hiyo.

Hata hivyo, sakafu ya uwanja ina jambo lake ambalo wasanifu husahau. Kebo zinapovutwa, mhimili hujikunja kwenda juu na kuinuka kutoka kwenye kalibu, na uzito wake wote huhamia kwenye ncha mbili. Sakafu iliyoundwa kubeba uzito uliotandazwa ghafla inapokea tani 20 kila upande. Ikizama, mhimili unapinda au unapasuka kabla haujaona kreni. Imarisha ncha hizo, na hakikisha fomu za pembeni zimelegezwa kabla ya kuvuta, kwa maana mhimili pia hufupika. Wakati wa kuvuta usitegemee kipimo cha jeki peke yake. Kebo ya mita 30 hurefuka kwa karibu milimita 200, na urefu huo ukipimwa na kulinganishwa na hesabu ndio utakaokuambia kama kebo imekwama katikati ya bomba.

Mkandarasi akitaka kuharakisha zege kwa mvuke, asubiri lianze kushika kwanza, na joto ndani ya zege lisipite nyuzi 70. Zege lililopikwa kupita hapo huweza kuonekana zuri sana siku ya kukabidhiwa na kuanza kuvimba na kupasuka ndani kwa ndani miaka kadhaa baadaye, kwa sababu madini ya etringaiti huja kujiunda likiwa limekwisha kuwa gumu.

Na la mwisho kwa upande wangu ni kuinua. Mhimili wa I una nguvu nyingi ukisimama wima na nguvu kidogo mno ukiinama ubavu. Unyanyuliwe karibu na ncha zake, kwa sababu ukiushika karibu na katikati unauondolea uzito unaopingana na mkazo wa kebo, na upande wa juu utapasuka. Minyororo iwe wima, au kuwe na boriti ya kuitenganisha, ili isiubane mhimili kutoka pande mbili. Ukishakaa juu ya beringi zake (vitako vyake juu ya nguzo) ufungwe kwenye mhimili wa jirani siku hiyohiyo, si kesho. Mwaka 2007 huko Arizona, Marekani, mihimili kadhaa ya daraja la barabara kuu iliyokuwa imekwisha kuwekwa juu ya nguzo ilianguka kabla slabu haijamwagwa: ilikuwa haijafungwa vya kutosha, na mmoja ulipolala ukaiangusha mingine.

Mkaguzi Mstaafu alijibu:

Nimesoma jibu la Msimamizi nami nakubaliana nalo, ila naomba nizungumzie daraja likiwa na umri wa miaka 30, kwa kuwa huko ndiko nilikotumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

Kipande cha zege kilichotengenezwa chini ya usimamizi mzuri ni nadra kuharibika katikati yake. Zege lake limetikiswa vizuri, unene wa zege linalofunika nondo umepimwa, na limemwagiwa maji kwa siku zote zinazotakiwa. Huharibika pale kinapokutana na kipande kingine. Wales lilikuwepo daraja dogo la Ynys-y-Gwas, lililojengwa mwaka 1953 kwa vipande vifupi vilivyoungwa kwa chokaa ya saruji na kukazwa kwa kebo zilizopita ndani yake. Tarehe 4 Desemba 1985 lilianguka lenyewe, bila gari juu yake na bila dalili ambayo mkaguzi angeweza kuiona kwa macho. Maji yenye chumvi yalikuwa yamepenya katika yale maungio membamba na kuila kebo mahali palepale ambapo hapakuwa na nondo nyingine ya kutoa onyo kwa kupasua zege au kuacha madoa ya kutu. Mwaka 1992 mamlaka za Uingereza zilisimamisha ujenzi wa madaraja mapya yenye kebo za ndani zilizojazwa uji wa saruji, na zuio hilo lilipoanza kuondolewa mwaka 1996, madaraja ya vipande vya aina hiyo hayakuruhusiwa.

Mihimili yako ni mizima, haina maungio katikati ya spani, na hilo ni jambo jema. Lakini kebo zako zitakuwa ndani ya mabomba, na bomba lisilojaa uji wa saruji ni bomba linalohifadhi maji. Kwenye michoro yako onyesha matundu ya kutolea hewa katika sehemu za juu kabisa za kila bomba, na uandike wazi kwamba tundu halizibwi mpaka uji unaotoka una uzito uleule wa uji unaoingia. Nanga za kebo zilizo kwenye ncha za mihimili zifunikwe kwa zege, na ncha hizo zisiwe chini ya maungio ya kutanukia ya barabara (nafasi zinazoachwa ili daraja litanuke kwa joto) ikiwa unaweza kuliepuka hilo. Nimeona maungio ya kutanukia ya kila aina na ya kila bei, na yote, mapema au baadaye, huvuja. Kwa sababu hiyo peke yake ningekushauri uunganishe spani zako tatu na ubakize maungio mawili tu kwenye ncha za daraja.

Kuna anayeweza kukushauri uachane na mihimili ya I na utumie mihimili ya boksi iliyopangwa ubavu kwa ubavu, kwani huwekwa haraka na haihitaji fomu ya slabu. Kwa spani fupi ina sifa zake. Lakini ile mifereji ya chokaa kati ya boksi na boksi hupasuka kwa urefu wake, maji hupita, na nyaya zilizo chini ya boksi huliwa taratibu bila kuonekana. Desemba 2005, Pennsylvania, boksi la pembeni la daraja lililojengwa miaka ya 1960 lilikatika na kuanguka juu ya barabara kuu ya I-70. Boksi la pembeni ndilo linalopokea maji yote yanayotiririka kutoka barabarani.

Kuhusu mto wako unaojaa, jambo moja zaidi. Mwaka huohuo wa 2005, kimbunga Katrina kilipoinua maji ya ziwa Pontchartrain, spani nyingi za daraja pacha la barabara ya I-10 zilisukumwa kutoka kwenye nguzo zake na nyingine zikatumbukia. Zilikuwa zimekaa kwa uzito wake tu, zimeshikizwa kidogo sana, na hewa iliyonaswa kati ya mihimili ilipunguza uzito huo maji yalipofika chini ya slabu. Hakikisha upande wa chini wa mihimili uko juu ya mafuriko unayoyatarajia, tena kwa nafasi inayopitisha magogo. Hata hivyo weka vizuizi vya zege juu ya nguzo vya kuizuia mihimili isiende ubavuni, pamoja na vishikizo vya kuizuia isiinuke. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kuitafuta spani chini ya mto.

Msanifu wa Miundo alijibu:

Nashukuru kwa michango iliyotangulia. Niongeze upande wa mahesabu, maana swali la kuunganisha spani lina undani ambao jibu la Mkaguzi halikuugusa.

Mihimili ikikaa juu ya nguzo, kila mmoja hubeba uzito wake na uzito wa slabu ikiwa bichi kama boriti inayojitegemea. Ukimwaga zege kati ya ncha za mihimili juu ya nguzo, pamoja na slabu yenye nondo nyingi za juu, basi kuanzia hapo magari hubebwa na boriti moja ya mita 90. Hadi hapo ni rahisi. Ugumu ni kwamba zege lenye mkazo wa awali haliachi kusogea. Mkazo wa kebo huendelea kuukunja mhimili kwenda juu kwa miezi na miaka, na kwa kuwa sasa ncha zimefungwa pamoja, mkunjo huo hujaribu kufungua maungio upande wa chini, juu ya nguzo. Nondo za juu hazisaidii lolote huko. Kwa upande mwingine slabu changa inasinyaa kuliko mhimili mzee, na kusinyaa huko huvuta kinyume. Ni ipi itakayoshinda inategemea umri wa mhimili siku unapounganishwa.

Kanuni za usanifu za Marekani za AASHTO zinakupa njia ya mkato: ukiandika kwenye mkataba kwamba mihimili itakuwa na umri usiopungua siku 90 wakati wa kuunganishwa, huhitaji kukokotoa nguvu hizo zinazotokana na mkunjo. Sehemu kubwa ya msogeo wa zege huwa imekwisha kutokea kufikia hapo. Mimi binafsi huitumia, lakini bado huweka nondo za chini zilizopindwa kuingia katika mhimili wa kukingama, yaani lile zege linalomwagwa kati ya ncha za mihimili juu ya nguzo, kwa sababu hakuna anayeweza kuapa kwamba misingi ya nguzo haitatitia hata kidogo.

Sehemu ya pili inayohitaji jicho ni uso wa juu wa mhimili, mahali slabu inapokaa. Hesabu yako yote itachukulia kuwa mhimili na slabu ni kitu kimoja, na kinachovishikanisha ni pingu za nondo zinazotokeza juu pamoja na ukwaruzo wa zege. Ukwaruzo huo uwe na kina cha milimita 6 hivi, ufanywe zege likiwa bado bichi, na uoshwe utando wa saruji na vumbi kabla ya kumwaga slabu. Msimamizi anisamehe, lakini uwanjani watu hupenda kuulainisha uso huo kwa mwiko kwa sababu unapendeza macho, na kwa kufanya hivyo wanaondoa kilichohesabiwa.

Mwisho, usichore unene wa zege la kujazia kati ya mhimili na slabu kama namba moja. Mihimili 15 iliyomwagwa kwa wiki tofauti itakuwa na mbinuko (kujikunja kwenda juu) 15 tofauti, hata kama kebo ni zilezile. Acha nafasi ya kurekebisha, na agiza kila mhimili upimwe ukiwa umekwisha kukaa kwenye beringi zake, kabla kimo cha fomu za slabu hakijapangwa.

Mchoraji wa Madaraja aliandika:

Nawashukuru sana waheshimiwa. Nimeelewa kwamba tuelekee kwenye mihimili ya kumwagwa ukingoni, kebo zivutwe baada ya zege kukomaa, na spani ziungwe. Mawili yamebaki. Je, masharti ya siku 90 hayali muda uleule tuliotaka kuuokoa? Na mkandarasi mmoja amependekeza sehemu ya slabu pia itengenezwe kabla, yaani vibamba vyembamba vinavyolazwa kati ya mihimili na kubaki humo kama fomu. Je, ni busara?

Msanifu wa Miundo alijibu:

Siku 90 huhesabiwa tangu mhimili unapomwagwa, na haziendi bure mradi utengenezaji uanze pamoja na misingi. Kwa daraja la namna yako misingi na nguzo za mtoni ndizo zitakazochukua muda mrefu, hasa kama kazi ndani ya maji lazima iishe kabla mto haujajaa. Mhimili wa mwisho kutengenezwa ndio utakaokushika, kwa hiyo upangie spani itakayounganishwa mwisho. Hadhari moja tu: mihimili ikihifadhiwa muda mrefu mbinuko unaongezeka, basi iegemezwe mahali palepale itakapoegemea darajani, na isipangwe jua likipiga upande mmoja siku nzima, maana itaanza kupinda ubavu.

Kuvuta kebo kwa awamu mbili pia kunasaidia hapa. Baadhi zivutwe uwanjani, kiasi cha kuuwezesha mhimili kuinuliwa na kubeba slabu bichi, na nyingine zivutwe mhimili na slabu vikiwa vimeshikana. Lakini ukitaka hivyo, nanga za awamu ya pili ziwe mahali ambapo jeki itafikika, la sivyo mhimili wa kukingama utazifunika.

Vibamba ninaviunga mkono, kwani juu ya mto kila mita ya mraba ya fomu usiyoihitaji ni mtu mmoja usiyemning'iniza juu ya maji. Unene wa milimita 90 hivi ni wa kawaida kwa nafasi kama zako, na juu yake unamwaga sehemu iliyobaki ya slabu pamoja na nondo za juu. Tegemea nyufa nyembamba juu ya mipaka ya vibamba. Nondo za juu zikitosha hazitaleta shida. Kinachoviharibu ni namna vinavyokalishwa. Kibamba kikiachwa juu ya ukanda laini wa kuzuia uvujaji, mzigo wa gurudumu hupitia kwenye ukanda huo, nao hubonyea, na slabu ya juu hupasuka kando ya mhimili. Ukanda uwe wa kushikilia kwa muda tu, na zege la slabu lipate nafasi ya kuingia chini ya ukingo wa kibamba, angalau sentimita kadhaa, mpaka kibamba kiegemee zege gumu.

Msimamizi wa Kalibu alijibu:

Kwa vibamba hivyo, mweleze mkandarasi aandike tarehe na upande wa juu kwenye kila kimoja kabla hakijatoka kwenye kalibu. Nyaya zake zikiwa haziko katikati kabisa ya unene, kikilazwa kichwa chini huenda asijue mtu mpaka kipasuke.